Nilichorudi nacho kutoka Mbeya

Maharage ndiyo yaliyoisha kwanza. Nilitoka nayo Mbeya madebe mawili, ya njano, yale ambayo ukiyachemsha jioni moja mtaa mzima unajua umesafiri. Yakafuata maparachichi, kisha mchele wa Kyela, ambao nusu yake mke wangu aliwagawia majirani kama ilivyo ada. Zawadi ya mwisho tuliigundua wiki ya tatu, saa tisa usiku, ikitembea kwenye mshono wa godoro taratibu kama mtu aliyetoka kula daku akashiba.

Mke wangu alimulika kwa tochi ya simu, mimi nikambana mdudu kwa ukucha wa dole gumba. Damu ikatoka, nyeusi kidogo, yangu au yake sijui, na harufu ikapanda. Aliyewahi kuinusa haisahau: kama giligilani iliyokaa siku tatu kwenye maji, ina utamu fulani mbaya ndani yake. Wapo wanaosema hata jina la Kizungu la giligilani lina asili ya neno la Kigiriki la mdudu huyu, na pua yangu usiku ule ilikubaliana nao.

"Kunguni," mke wangu akasema, kwa sauti ya chini ingawa watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Kisha akaongeza: "Usimwambie mtu."

Kwa nini ilituchukua wiki tatu? Kwanza ni mwili. Mimi nikiumwa navimba. Kila asubuhi mkono wa kushoto ulikuwa na vipele vitatu vinne vilivyojipanga kuanzia kiwiko kama vifungo vya kanzu. Mke wangu, tuliyelala naye shuka moja, hakuwa na hata kimoja. Wako watu wengi wa namna yake: wanaumwa kila usiku na ngozi haisemi kitu. Basi ndani ya nyumba mmoja anajikuna na mwenzake anamwona mzushi. Tukalaumu mbu, tukanunua chandarua kipya. Tukalaumu sabuni ya unga. Wiki ya pili mke wangu akalaumu dagaa, akaniondolea dagaa mezani siku saba, adhabu ambayo mpaka leo sijalipwa fidia.

Pili ni hesabu. Kunguni hahitaji kuja na ukoo. Jike mmoja aliyekwisha pandwa anatosha kuanzisha mji. Hutaga mayai machache kila siku, meupe, milimita moja hivi, akiyagandisha kwenye nyufa kwa gundi yake mwenyewe. Kwa joto la kwetu yai hukaa wiki moja au siku kumi hivi, kisha kinatoka kitoto cha rangi ya chai ya maziwa ambacho huwezi kukiona mpaka kimenyonya. Kitoto hicho kitajivua gamba mara tano kabla ya kuwa mkubwa, na kila mara sharti kwanza kipate damu. Kwa hiyo yule niliyemminya, kwa ukubwa wake, huenda ndiye bibi mwenyewe aliyetoka Mbeya. Wajukuu walikuwa bado nyuma ya ubao wa kitanda.

Gesti niliyolala Mbeya sitaitaja. Ilikuwa safi, na nasisitiza usafi wake kwa sababu kila niliyemsimulia baadaye aliniuliza, "Kwani ulilala wapi huko?" kwa sauti ile ya mtu anayeuliza ulifuata nini. Nilifuata harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Chumba kilikuwa na sakafu ya vigae iliyonukia dawa, shuka nyeupe zilizopigwa pasi, kandambili chini ya kitanda na kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa. Nikaweka begi juu ya kitanda, zipu wazi, siku mbili. Kosa lote ni hilo.

Ndani ya begi mlikuwa na shati la harusi lenye jasho la kwaito na soksi za safari. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha jaribio dogo la kupendeza: waliweka chumbani mifuko ya nguo zilizovaliwa na mifuko ya nguo zilizofuliwa, wakawaachia kunguni. Waliokutwa kwenye nguo zilizovaliwa walikuwa kama mara mbili ya waliokuwa kwenye safi. Kinachomvuta ni harufu ya mtu, na mtu msafi kuliko wote akivaa shati siku moja ananukia mtu. Zamani nguo chafu zilikuwa na mahali pake safarini: unazitia kwenye rambo, unafunga fundo, basi. Tangu Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku Tanzania, na siililii, mitaro ya mtaa wetu wa Tabata, Dar es Salaam, inajua kwa nini, lakini hakuna aliyetuambia nguo chafu sasa zikae wapi. Siku hizi nasafiri na ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Kondakta huniuliza kama ni samaki.

Mdudu mwenyewe hana mbawa. Hamrukii mtu kama kiroboto, wala haishi mwilini kama chawa. Anatoka alfajiri wewe ukiwa kwenye usingizi mzito, anafuata joto lako na hewa unayotoa puani, ananyonya dakika tano mpaka kumi, anarudi zake kwenye ufa ambao laini ya simu inapenya kwa shida. Ili atoke Mbeya afike Tabata, kilomita 800 na ushee, lazima abebwe. Aliyembeba ni mimi, tena kwa nauli yangu.

Bibi yangu wa Muheza, mzaa mama, asingeelewa ile "usimwambie mtu". Likizo zetu kwake zilikuwa na Jumamosi ya kunguni kama zilivyokuwa na Ijumaa ya ubani. Kitanda cha kamba kinatolewa uani. Kinainuliwa na kupigwa chini, tendegu moja baada ya jingine, mpaka wanaanza kudondoka, na kuku ambao walishazoea ratiba wanakuja mbio. Kisha sisi wajukuu tunaleta maji yanayotokota, na bibi anayamimina kwa kata kwenye matundu ya mifumbati pale kamba zinapopitia, polepole, tundu kwa tundu, akihakikisha kila moja limelia. Ua wa pili wanafanya hivyo hivyo. Mtu anapaza sauti juu ya makuti: "Leo wako wangapi?" na bibi anajibu kwa idadi ya kutia chumvi.

Kumbe vijiji vya huko Muheza vina nafasi yao katika historia ya mdudu huyu. Vyandarua vyenye dawa vilipojaribiwa huko kwa ajili ya malaria, watu walivipenda kwa sababu ya ziada: kunguni walitoweka vitandani. Furaha ile haikudumu. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko waliandika kwamba katika baadhi ya nyumba zilizotumia vyandarua hivyo kwa miaka kadhaa kunguni wamerudi, na hawa waliorudi hawaitambui tena dawa ile. Wale waliokufa walikufa. Waliobaki ndio waliozaa.

Si mara ya kwanza. Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mwaka mmoja kabla ya tuzo, huko Pearl Harbor, Hawaii, walikwisha kupatikana kunguni waliokuwa wakitembea juu ya DDT kama sisi tunavyotembea juu ya unga wa sembe. Ulaya na Marekani waliwasahau kwa miongo kadhaa hata hivyo, hadi kizazi kizima kikakua bila kuwajua kwa sura. Ukutani kwetu hawakuondoka kamwe. Huyu wa kwetu kwa kawaida ni kunguni wa nchi za joto, binamu wa yule wa Ulaya, na kwa macho ya mtu aliyeamshwa saa tisa usiku hakuna tofauti.

Wenzetu waliosahau walipokumbushwa, ulikuwa msiba. Shirika la Ufaransa linaloshughulikia usalama wa chakula, mazingira na kazi, Anses, lilisema mwaka 2023 kwamba kati ya 2017 na 2022 asilimia 11 ya kaya za nchi hiyo zilipata kunguni. Ilipofika Septemba ya mwaka huo, Paris nzima ilikuwa inakagua viti vya treni na vya sinema, na tarehe 3 Oktoba mbunge Mathilde Panot alisimama bungeni mbele ya waziri mkuu akiwa ameshika kichupa cha kunguni. Nakumbuka niliiona picha ile nikacheka. Wiki hiyo hiyo huku kwetu mabasi yalikuwa yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya miaka mingi ya marufuku, na sisi abiria tulikuwa tunashangilia kulala garini. Nilicheka mapema.

Rudi Tabata. Fundi wa kwanza wa dawa alikuja na chupa ya maji ya kunywa, ndani yake kioevu cheupe kama tui.

"Dawa gani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya mashambani, bosi. Hii inaua mpaka nyoka."

"Na watoto?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza habari za mwezini. Nikampa nauli. Dawa isiyo na lebo, iliyotengenezwa kwa ajili ya nyanya au pamba, ukiipuliza kwenye godoro unalala juu yake usiku huo huo, na katika nyumba ya kunguni si kunguni anayetangulia kuugua. Mafuta ya taa nayo, ambayo shangazi zetu wote wanayapendekeza, yanaua yule aliyelowa tu, na kitanda kinabaki kinasubiri kiberiti.

Wa pili alikuja na kopo lenye lebo, akataka shilingi 70,000 kwa vyumba viwili, na akasema sentensi iliyonifanya nimwamini: "Nitarudi baada ya wiki mbili, maana mayai hayatakufa leo." Anayekuahidi kumaliza kwa mara moja hajui mayai, au anajua na anataka hela yako.

Kati ya ziara hizo mbili kazi ilikuwa yetu. Kunguni na yai lake havistahimili joto la nyuzi 50, na Dar es Salaam ya Februari, pamoja na vitisho vyake vyote, haifiki huko kivulini. Tulichemsha maji. Tulitoa chaga zote, tukazimwagia moja moja bafuni. Mke wangu alipiga pasi mshono wa godoro pande zote nne, akikaza midomo, mvuke ukitoka, na kila baada ya sentimita chache kitu kidogo kilitoa mlio wa bisi. Nguo zilipigwa pasi, hata soksi, hata zile ambazo hatukuwa tumezigusa tangu Krismasi. Droo zilipinduliwa. Nyuma ya picha ya harusi yetu, iliyotundikwa juu ya kitanda miaka kumi na minne, tulikuta tisa, wamekaa kwenye kona ya fremu pamoja na magamba yao na vidoa vyeusi kama wino uliochuruzika. Nimewahi kualikwa harusi zenye mpangilio mbaya kuliko ule.

Kati ya kuchemsha na kupiga pasi nilisoma kila nilichokiona, na hapo ndipo maharage yaliponirudia. Katika nchi za Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, watu walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni jioni. Asubuhi wanayazoa yakiwa yamejaa kunguni, wanayachoma moto. Mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani waliangalia kwa hadubini wakaona kinachotokea. Jani la maharage lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana. Kunguni akikanyaga, ndoana inamtoboa mguu mahali palipo laini, na kadiri anavyopigania kujinasua ndivyo miguu mingine inavyonaswa. Walijaribu kutengeneza jani la bandia lenye ndoana kama zile. Liliwakwaza kunguni lakini halikuwashika kama jani la kweli. Nilimsomea mke wangu. Akasema, bila kuinua pasi, "Wewe ulituletea punje."

Ikabaki kuanika godoro, na hapo ndipo aibu ilipotaka kodi yake. Jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kunguni anahamia upande wa chini wenye kivuli, lakini baada ya pasi lile godoro lilikuwa bichi kwa mvuke. Na mtu akianika godoro uani mchana wa Jumanne, mtaa mzima unataka maelezo. Mke wangu alikuwa nayo tayari. Kabla hata hatujaliegemeza ukutani alisema kwa sauti ya kusikika mpaka bombani: "Huyu mtoto jamani, miaka tisa bado anakojoa!"

Kitinda mimba wetu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu. Aliliangalia godoro, ambalo hata si lake, lina upana wa futi sita, akaingia ndani.

Aliyetukamata ni jirani wa upande wa kushoto, mmoja wa waliokula mchele wa Kyela. Alikuja kuazima kinu, akapita karibu na godoro, akapunguza mwendo. Kwenye kona, pale pasi isipofika vizuri, vile vidoa vyeusi vilikuwa bado vipo.

"Mama," akamwambia mke wangu polepole, "hicho si kikojozi."

Mke wangu akanyamaza.

"Sisi mwaka jana walitutoa roho. Nililala kwenye kiti miezi miwili. Hukusikia kwa sababu sikusema." Kisha kama anayekumbuka jambo dogo: "Kitanda tulikiuza."

Tulikaa kibarazani watu wazima watatu, tukaanza kukifuatilia kitanda kile. Kiliuzwa kwa fundi seremala wa barabarani, ambaye alikipaka vanishi akakiuza kwa binti aliyekuwa anaanza maisha mtaa wa pili. Binti yule dada yake ni msusi. Jirani alikuwa akisukwa hapo kila mwisho wa mwezi, amekaa kwenye kochi. Hatukuendelea zaidi ya hapo. Aliuliza kama ni kweli wanaleta Ukimwi, maana ndicho kilichomfanya afiche hata kwa dada zake. Nikamwambia niliyoyasoma: hawaambukizi, na hakuna ugonjwa uliothibitika kupita kwao kwenda kwa mtu katika maisha ya kawaida. Wanachofanya ni kuwasha, kukukosesha usingizi, na ukijikuna kwa kucha chafu unajitia vidonda. Alishusha pumzi kama aliyebeba ndoo ya maji mwaka mzima.

Usiku huo sikuumwa, na usingizi haukuja vile vile. Nilikuwa nahesabu. Mbeya niliondoka Jumatatu. Tabata nilifika Jumatano. Katikati nililala Morogoro, Kihonda, kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwenye chumba cha kijana wake ambaye siku ile alikuwa bado shuleni. Alinitandikia kitanda cha kijana. Begi nililiweka wapi? Nililiweka juu ya kitanda.

"Mpigie," nikamwambia mke wangu asubuhi. "Ni ndugu yako."

"Ndugu ni wangu," akasema, "begi ni lako."

Nilisubiri siku nne nyingine. Nilijiambia labda hawakushuka kule, labda walikuwa wamelala. Jumapili, baada ya chakula, nilipiga. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana mvua, tukaulizana bei ya mafuta. Kisha nikamwambia, kwa mzunguko mrefu, nikianzia kwenye harusi. Nilisikia sauti ya televisheni ikipunguzwa.

"Kumbe ni wewe," shemeji akasema.

"Wapo huko?"

"Wapo! Shemeji, tumehangaika hapa mwezi na nusu. Tuliamini kabisa ni huyu kijana karudi nao kutoka bwenini. Godoro lake la shule tumelichoma moto, tranka tumelimwagia mafuta ya taa mpaka vitabu vinanuka. Mama yake kamwambia hajui kuoga. Na fimbo kapata."

Sikuwa na la kusema. Nikasema pole.

"Pole usinipe mimi," akasema, na hakuwa anacheka. "Yupo hapa, likizo. Ngoja nimwite, umwambie mwenyewe."

Nikamsikia akiita, mara mbili, na mlango ukifunguliwa.